Risala na kinyago cheupe

Shangazi yangu aliwasili Columbus, Ohio, katikati ya Oktoba, mtaa mzima ukiwa umetundika mifupa ya plastiki vibarazani. Alipita akiitazama, akauliza mara moja tu, "Hawa wana nini?" Wanangu wakamweleza kwa kirefu habari za Halloween, sikukuu ya kutishana ya mwisho wa Oktoba, wakipokezana. Akaitikia "ehee" kila walipovuta pumzi, kisha akaenda kutia udhu.

Jumamosi usiku tukaweka Halloween, ile ya 1978 ya John Carpenter. Ni ada ya nyumba yetu. Kila Oktoba tunarudia filamu zilezile za kutisha, tunazozijua mpaka mahali pa kushtuka, na hiyo ndiyo inayofungua dimba. Kiza. Boga lililochongwa linawaka upande wa kushoto, piano inagongagonga, majina yanapita kwa rangi ya machungwa. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha pembeni na tasbihi yake, uso kaugeuzia dirishani.

"Mwanangu, hebu rudisha nyuma kidogo."

Nikarudisha.

"Moustapha Akkad. Huyu si ndiye wa Risala?"

"Ndiye, Shangazi."

Akaikusanya tasbihi kiganjani. "Basi aliingiwa na nini?"

Jina lile, la aliyeongoza Risala, filamu ya Mtume (s.a.w.) na mwanzo wa Uislamu, nalijua miaka mingi, na nimelitumia sana kuchangamsha baraza: jamani, mnajua aliyemtolea hela Michael Myers, yule muuaji wa Halloween, ni nani? Watu hucheka, chai ikaendelea. Lakini sikuwahi kuulizwa na mtu aliyelia mbele ya Risala, tena kwa sauti ya kutaka jibu. Halloween imepita, maboga ya majirani yameoza yakazolewa, Shangazi amesharudi Mombasa, na swali lake halijaniachia.

## Udhuru uliokataa kusimama

Wasomaji wa hapa sina haja ya kuwaeleza zaidi Risala ni filamu gani. Wengi wetu tuliitazama kwenye kanda ya video iliyochakaa, Ramadhani baada ya tarawehe, viatu vimejaa mlangoni, na bibi mmoja akianza kulia kabla ya mahali penyewe kwa sababu anajua kinachokuja. Anthony Quinn hatukumjua. Yule alikuwa Hamza, ami yake Mtume, basi.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililofanya ni kumtafutia Akkad udhuru. Upo mmoja unaozunguka sana: maskini, alitengeneza sinema za visu ili apate fedha za sinema za dini.

Tarehe zinaukataa. Risala ilitoka 1976, Halloween 1978. Filamu yake kubwa iliyofuata, ile ya Omar Mukhtar, shujaa wa Libya aliyepigana na Waitaliano, iliyotoka 1981, ilikula dola milioni 35 hivi, na fedha zilitoka Libya ya Gaddafi. Halloween iligharimu kama dola 300,000. Kwa bajeti ya Omar Mukhtar, hela hizo zingeishia kwenye malisho ya farasi.

Nikamtungia wa pili. Risala ilimtesa. Alianza kupiga picha Morocco, Saudi Arabia ikashinikiza mpaka kazi ikasimamishwa, akahamia Libya. Machi 1977 watu wenye silaha wakateka majengo matatu mjini Washington, na miongoni mwa madai yao ni filamu hiyo isionyeshwe. Mwandishi wa habari mmoja aliuawa. Nikawaza, labda baada ya hayo alitaka kazi isiyogusa imani ya mtu yeyote: mji wa kubuni, wasichana watatu, kichaa mmoja na kisu chake.

Huo nao haufiki mbali. Baada tu ya Halloween alirudi jangwani kumtengeneza Omar Mukhtar, filamu iliyowaudhi Waitaliano kiasi cha kupigwa marufuku kwao. Mtu aliyechoshwa na ugomvi harudi kuutafuta namna ile.

Maelezo aliyotoa mwenyewe ni mepesi mno. Carpenter alimsimulia hadithi kwa mdomo, picha baada ya picha, akaipenda. Na Carpenter alikubali malipo madogo, dola 10,000 kwa kuandika, kuongoza na kutunga muziki, pamoja na fungu la faida. Hadithi nzuri, bei nafuu, na Akkad alikuwa mtoto wa Halab (Aleppo) ya Syria, mji wa wafanyabiashara tangu enzi. Alikwenda Marekani kusomea sinema akiwa kijana, na alizoea kusimulia kwamba babake alimpa dola 200 na msahafu, akamwachia Mungu. Faida ya Halloween ilikuwa kubwa kuliko alivyoota mtu yeyote: Marekani pekee iliingiza dola milioni 47.

Wala hakuishia hapo. Filamu nane za mwanzo za mfululizo ule, mpaka ya 2002, zote zina mkono wake.

Nilimpa Shangazi hesabu hii yote asubuhi, jikoni, akikanda unga wa chapati. Hakunikatiza.

"Kwa hivyo aliipenda tu," akasema.

Ndiyo. Aliipenda tu. Nami nikaona jibu hilo linanisumbua kuliko udhuru wowote.

## Kamera ndiyo yeye

Kwenye Risala Mtume (s.a.w.) haonekani wala hasikiki. Kamera inasimama mahali pake. Watu wanaijia, wanazungumza nayo, wanangoja, kisha Hamza au Zayd anaeleza alichojibiwa. Ali naye haonyeshwi, utauona upanga wake wenye ncha mbili tu. Tulipokuwa wadogo hatukuambiwa na mtu namna ya kutazama sehemu hizo, lakini sebule nzima ilinyamaza. Hamza anakutazama machoni, nawe unajua hakutazami wewe. Umeazimwa jicho, na unajikunyata ndani yake.

Sasa tazama Halloween inavyoanza.

Mwaka ni 1963, usiku wa Halloween wenyewe, nyumba nyeupe ya mbao. Kamera inanyemelea dirishani, inazunguka nyuma, inaingia jikoni. Mkono unavuta droo na kutoa kisu. (Mkono huo ni wa Debra Hill, aliyeandika hadithi pamoja na Carpenter.) Tunapanda ngazi. Sakafuni kuna kinyago cha mchekeshaji, kinaokotwa, kinavaliwa, na ghafla kioo chote kinakuwa cheusi isipokuwa matundu mawili ya macho. Tunamuua dada mtu kupitia matundu hayo, huku tukisikia pumzi. Tunashuka, tunatoka nje. Gari linafika, mtu mzima anakivua kinyago, na ndipo kwa mara ya kwanza kamera inatoka ndani ya huyo tuliyekuwa ndani yake.

Ni mtoto wa miaka sita.

Filamu mbili, zimepishana miaka miwili, jina la mtayarishaji ni lilelile, na zote zinamkalisha mtazamaji mahali pa mtu asiyeonyeshwa. Sisemi Carpenter alijifunza kwa Akkad. Jicho la muuaji lilikuwa limeshatumika kwenye sinema kabla yao. Ila mimi nilizitazama kwa mpangilio huo, Risala utotoni na Halloween ukubwani, na nikiwa ndani ya matundu yale mawili huwa najikunyata vilevile, kwa sababu nyingine kabisa.

Kuyaweka mambo haya kwenye aya moja kunanitia wasiwasi hata sasa. Nilikaa siku kadhaa bila kumwambia Shangazi. Nilipomwambia, alikasirika kama nilivyotarajia.

"Usivipike chungu kimoja. Kule amefichwa kwa heshima yake. Huku amefichwa ili akupate."

Sikubishana. Sijapata bado maneno yaliyonyooka kuliko hayo, nami ndiye ninayejiita mwandishi.

Lakini kesho yake, tukiwa garini kuelekea sokoni, akanigeukia bila utangulizi. "Yule mtoto, walipomvua. Kwa nini babake na mamake walisimama tu? Hata kisu hawakumpokonya."

## Majani ya kupaka rangi

Nipite haraka hapa, ingawa ndipo ninapopapenda mimi binafsi.

Mji wa filamu, Haddonfield, jimbo la Illinois, haupo. Mitaa unayoiona ni ya kusini mwa California, na picha zilipigwa mwezi wa Mei. Mei California hakuna jani linalopukutika, hivyo walipaka majani rangi ya vuli, wakayamwaga barabarani, wakapiga picha, kisha wakayaokota yote na kuyatia kwenye mifuko kwa ajili ya kipande kinachofuata. Ukikaza macho utaiona mitende nyuma ya nyumba. Illinois yenye mitende! Mtu wa pwani haimpiti hiyo.

Kinyago nacho kilinunuliwa dukani kwa chini ya dola mbili. Kilikuwa sura ya Kapteni Kirk wa Star Trek, yaani mwigizaji William Shatner. Tommy Lee Wallace, mmoja wa watengenezaji wa filamu, akapanua matundu ya macho, akaondoa nyusi, akapuliza rangi nyeupe, na sura ikafutika. Hakikasiriki wala hakifurahi. Ndiyo maana kinatisha: unakisomea dhamira yako mwenyewe.

Halafu muziki. Carpenter alipoionyesha filamu bila muziki kwa ofisa mmoja wa studio kubwa, ofisa huyo hakuogopa hata chembe. Akaenda kutunga mwenyewe, kwa mapigo ya tano kwa nne ambayo babake alimfundisha kwenye ngoma za bongo alipokuwa mdogo. Mapigo hayo hayakai sawa mguuni. Unangoja yafunge, hayafungi. Jaribu kutazama sehemu ya kufukuzana umezima sauti, utaona mtu anatembea taratibu kwenye nyasi.

## Taa ya jirani

Kuna mahali nimepatazama mara nyingi bila kupaona.

Laurie, yaya anayewindwa na muuaji (ni Jamie Lee Curtis katika filamu yake ya kwanza), ameshajeruhiwa. Amekimbilia nyumba ya jirani, anagonga mlango, anapiga mayowe aokolewe. Ndani taa inawaka. Mtu anachungulia.

Taa inazimwa.

Wanangu hawakutikisika. Wanasubiri kinyago, wanajua kiko nyuma. Shangazi ndiye aliyeinuka kitini. "Mfungulie! We! Mfungulie mtoto wa watu!" Tasbihi ilidondoka. Muda wote uliotangulia, visu na pumzi na maiti kabatini, alikuwa anatazama kwa huruma ya kawaida tu. Hofu yake ilikaa kwenye swichi ya taa.

Baadaye alisema jambo hilo hajawahi kuliona, hata kwenye sinema. Nami ninamwelewa. Kwetu Mji wa Kale, Mombasa, mtu akipiga yowe usiku, kichochoro kinajaa kabla hajavuta pumzi ya pili. Huyu na mchi, yule na taulo kiunoni, mwingine hana msaada wowote ila hataki kupitwa. Kesho yake habari zako zitakuwa Kibokoni nzima, na utatamani wasingekuja. Lakini wanakuja. Jini kwetu lina dawa yake, utasoma Ayatul Kursiyu, utaita shekhe. Jirani anayechungulia na kuzima taa hana kisomo chake.

Tangu usiku ule ninaitazama filamu nzima kwa jicho jingine. Barabara zile pana, nyasi zilizokatwa, nyumba zimeachana hatua thelathini, hakuna anayekaa nje. Michael anatembea mchana kweupe, anasimama kando ya ua wa miti, na hakuna hata mzee mmoja wa kibarazani wa kumuuliza, "Kijana, unamtafuta nani?" Kwetu asingefika kona ya pili.

Halafu nikainua macho nikaona ninaishi kwenye barabara hiyohiyo. Nikajiuliza, siku ya siku, nitapiga mayowe kwa lugha gani? "Mwizi" hapa si chochote, ni kelele za mgeni usiku. Na kelele za mgeni usiku zinaweza kuzima taa nyingi.

## Sauti za mwanzo

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya The Exorcist, ya 1973, ile ya msichana aliyepagawa na shetani. Wengi wanakumbuka kitanda, supu na shingo. Wanasahau kwamba inaanzia Iraq ya kaskazini, kwenye machimbo ya kale, na kabla ya chochote unasikia adhana.

Shangazi alinyamaza na kuitikia. Kwa mazoea tu, kimya kimya, neno kwa neno kama ilivyo sunna. Wanangu wakatazamana.

Najua sauti ile imewekwa pale kwa kazi gani. Kwa mtazamaji wa Marekani wa 1973 inasema: uko mbali na kwenu, hapa ndipo mambo ya kishetani yanapofukuliwa. Filamu ni nzuri, nitairudia hata mwakani, lakini kipande hicho hakijawahi kunitisha na sasa kinanikera. William Friedkin, mwongozaji wake, alihitaji sauti ngeni, akachukua ile inayowaamsha mamangu na shangazi zangu kila alfajiri. Kwenye sebule yangu ikawa ndiyo dakika pekee ya utulivu katika filamu nzima.

Sasa ilinganishe na Get Out, ya Jordan Peele, 2017. Mtu mweusi anatembea usiku kwenye mtaa uleule wa Haddonfield, kwa maana ya nyasi zilezile na ukimya uleule. Yeye hahitaji kinyago cheupe nyuma yake, mtaa wenyewe unatosha. Anachukuliwa. Kisha majina yanapita juu ya miti inayokimbia, na waimbaji wanaimba kwa Kiswahili.

Nilipoisikia mara ya kwanza ukumbini nilishika mkono wa kiti. Michael Abels aliutunga wimbo huo, jina lake Sikiliza kwa Wahenga, na ndani yake wanamwonya ndugu yao akimbie. Daniel Kaluuya, mwigizaji mkuu, aliyezaliwa London na wazazi wa Uganda, yuko garini kwenda kwa wakwe na hasikii. Ukumbi mzima hausikii, wanasikia sauti za kuogofya za Kiafrika tu. Mimi nimeshaambiwa filamu yote inakwenda wapi, na nimekaa na bisi mdomoni, siwezi kumwambia mtu.

Nimejaribu kujiuliza kwa nini hii hainikeri kama adhana ya Friedkin. Zote mbili zimechukua sauti ya kwetu kuwatisha watu wengine. Tofauti ninayoiona ni kwamba Peele na Abels waliipa sauti hiyo jambo la kusema, na mtu wa kuambiwa. Friedkin aliitaka kwa ugeni wake, basi. Shangazi, nilipomwekea mwanzo wa Get Out, hakuingia kwenye hoja hizo. Alisikiliza mara mbili, akasema matamshi yao yanataka kunyooshwa kidogo, ila nia yao njema.

## Amman

Ninaandika Novemba, na sikupanga iwe hivyo.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 2005 mabomu ya kujitoa mhanga yalilipuka kwenye hoteli tatu mjini Amman, Jordan. Akkad alikuwa katika mojawapo, pamoja na binti yake Rima. Binti alikufa palepale. Yeye alifariki siku mbili baadaye, akiwa na miaka 75. Tawi la al-Qaida la Iraq lilijigamba kwamba ni kazi yake. Kwa miaka mingi alikuwa akihangaikia filamu ya Salahuddin Ayyubi, na alimtaka Sean Connery amwigize. Haikutengenezwa.

Magazeti ya Marekani yalimuaga kama baba wa filamu za Halloween. Kwetu aliagwa kama mtu wa Risala. Nimesoma maombolezo ya pande zote mbili, na mara nyingi kila upande unataja kazi ya upande wa pili kwa sentensi moja, tena ya kujikaza, mithili ya mtu anayemtaja mke mdogo wa marehemu. Nilitaka kumpigia Shangazi nimsomee, nikaona nimwache kwanza apumzike na safari.

Akapiga yeye. Alikuwa na swali jingine: je, huyo Akkad, katika zile filamu nane, yule mtu alikufa mwishoni? Nikamwambia anauawa kila mara na kila mara anarudi, kwa sababu anaingiza fedha. Akacheka mpaka akakohoa. "Halab," akasema. "Biashara haifungwi."

Mwanangu mkubwa alikuwa anasikiliza pembeni, na baadaye akaja kuomba tuitazame hiyo Risala yenyewe, ya bibi. Nimemwambia ni Jumamosi, inachukua karibu saa tatu, hakuna simu mkononi na hakuna kuuliza kila dakika huyu nani. La simu amekubali.